Siku ya Kutembelewa

Mwishoni mwa Oktoba mwaka huu, mwenzangu wa kazini alileta boga kubwa la rangi ya machungwa akaliweka juu ya meza ya mapokezi. Tunafanya kazi kwenye kliniki ya meno. Boga lenyewe alilichonga macho, pua na mdomo wenye meno matatu, na wagonjwa waliokuja wakiwa na hofu walilitazama wakatabasamu. Ndani aliwasha mshumaa. Kabla ya saa sita kifuniko kikaanza kuungua kwa chini, na harufu ikaenea chumba kizima. Ni harufu tamu kidogo na kali kidogo, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Nilimwambia natoka mara moja kupunga hewa. Nikasimama kando ya barabara, mabasi yakipita, nikashangaa kuona kwamba nalia.

Ninyi wa rika langu mlioletwa huku mkiwa watoto mnaijua safari yetu. Kwanza mama anaondoka kwenda kutafuta kazi Uingereza, wewe unabaki kwa nyanya. Mama anakuwa sauti ya simu ya Jumapili, sauti inayouliza kama unakula na kama unasoma. Halafu siku moja karatasi zinakubaliwa. Unavalishwa sweta mpya, unakabidhiwa kwa mhudumu wa ndege usiyemjua, na mwisho wa safari kuna mwanamke anakukumbatia huku akilia. Unamnusa shingoni ukitafuta harufu unayoifahamu, huipati.

Mimi nilitoka kwa nyanya yangu, nje kidogo ya Kitale, nikaletwa Sparkhill, Birmingham. Tulikaa kwenye nyumba nyembamba katika safu ndefu ya nyumba zilizoshikana kuta, mtaa wa pembeni mwa barabara ya Stratford. Baba sikumjua. Alikuwa na familia yake Eldoret na habari zake hazikuzungumzwa. Kwa hiyo tulikuwa wawili, mimi na mama, na tuliheshimiana kama wapangaji. Mama alihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Akirudi alinipikia, akakagua sare yangu ya shule, tukasali, akalala na soksi miguuni. Hakuwa mtu wa maneno. Nilidhani amenichoka, kumbe alikuwa amechoka tu, lakini hilo mtoto wa miaka tisa angelijuaje?

Kitale, mlango wa nyanya ulifunguliwa alfajiri na haukufungwa hadi wakati wa kulala. Watu walisema hodi wakiwa wameshaingia. Jirani alikuja kuomba chumvi, mama wa kanisa alikuja kupumzisha miguu, mwalimu alipita tu kusalimu, na kila mmoja alipewa chai. Msimu wa mavuno chai ililetwa na vipande vya boga lililochemshwa, vikitoa mvuke. Mlango wetu wa Sparkhill ulikuwa wa kijani, na tangu nifike hakuna aliyeubisha isipokuwa mleta barua na bwana wa kusoma mita ya gesi. Baada ya shule nilikuwa nikikaa kwenye ngazi nikiutazama. Kulikuwa na kioo cha ukungu sehemu ya juu, na vivuli vya watu vilipita pale siku nzima. Hakuna kivuli kilichosimama.

Nilifikiri ni sisi. Nilifikiri watu wa mtaa ule wamekaa, wamejadiliana, na wameamua kwamba nyumba ile isitembelewe.

Ndipo siku moja shuleni, kabla hatujafunga kwa likizo fupi ya Oktoba, mwalimu akatueleza habari za Halowini. Kiingereza changu bado kilikuwa cha kuokota neno hapa na pale, lakini niliokota ya kutosha. Kuna jioni moja ambapo watoto huvaa nguo za pekee. Wanaenda mlango hadi mlango, wanabisha, na mwenye nyumba anawapa kitu. Nyumba inayopokea watu huweka taa dirishani, taa iliyotengenezwa kwa boga.

Nikaelewa kila kitu kwa mara moja, na moyo wangu ukawa mwepesi kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri hata leo. Watu hawa hawakuwa na ubaya nasi. Walikuwa na siku yao ya kutembeleana, siku moja kwa mwaka, na zilizobaki zote walikuwa wakiingoja. Hawakutukataa. Siku yenyewe tu ilikuwa haijafika.

Nilimwambia mama jioni hiyo akiwa anapiga pasi.

"Mama, wiki ijayo kuna siku ya wageni."

"Wageni gani?"

"Wa Halowini."

Akasimamisha pasi wima. "Skiza, Nekesa. Hayo ni mambo ya mashetani, na sisi ni watu wa kanisa. Halafu hiyo wiki umefunga shule na mimi niko shifti ya mchana, sijapata mtu wa kukaa na wewe. Usifungue mlango. Usiwashe taa ya mbele. Mtu akijua uko peke yako ataita watu wa serikali wakuchukue. Umeskia?"

"Nimeskia."

"Umeskia nini?"

"Nisifungue mlango."

Lakini Jumamosi, tulipopita kwenye maduka ya mboga, tukakuta maboga yamerundikwa nje kwenye masanduku hadi kifuani mwangu. Mama alisimama. "Ona malenge," akasema, na sauti yake ikalegea kama ya mtu aliyekutana na mtu wa kwao. Akaligonga moja kwa kidole, akaliinua, akalinunua. Alisema tutalipika Jumapili ya wiki inayofuata, akiwa nyumbani. Mimi nilijua ni la nini.

Siku ile ilipofika, giza liliingia mapema mno. Saa zilikuwa zimerudishwa nyuma wiki hiyo, jambo ambalo sikulielewa kabisa. Niliona tu kwamba mchana umepunguzwa na hakuna aliyelalamika. Nililikata boga vipande jinsi nyanya alivyokata, nikaacha ganda la upande mmoja likiwa zima kama bakuli. Nilichemsha vipande na chumvi kidogo. Nikapika chai ya maziwa kwenye sufuria kubwa, nikapanga vikombe vyote tulivyokuwa navyo. Kisha nikasimamisha mshumaa ndani ya lile ganda nikaliweka dirishani. Sikulichonga uso. Sikuona sababu ya kukipa chakula macho.

Kuhusu amri ya mama, sikuhisi kwamba namwasi. Nilifikiri hajui tu, kwa kuwa yuko kazini siku zote. Atarudi akute nyumba imejaa watu wanaokunywa chai, na uso wake utakunjuka. Na kuhusu kuwa peke yangu, nililipima pia jambo hilo. Wageni wakishaingia, sitakuwa peke yangu tena, kwa hiyo hakutakuwa na habari ya kupeleka serikalini. Nikafungua pazia, nikawasha taa ya mbele.

Walibisha. Hadi leo nikisikia mtu anagonga mlango kwa vidole, haraka haraka, mimi huinuka kabla hajamaliza. Walikuwa watatu, mmoja amevaa mifupa iliyochorwa, mwingine kofia ndefu nyeusi, wa tatu shuka lenye matundu. Wakasema maneno yao kwa pamoja, wakanyoosha mifuko.

"Karibuni," nikasema, kisha nikatafuta Kiingereza chake. "Ingieni. Chai iko tayari."

Wakatazamana. "Una peremende?" mwenye mifupa akauliza.

"Kuna boga."

Nikawaletea sahani. Alichukua kipande, akakinusa kupitia tundu la barakoa, akawaambia wenzake, "Limechemshwa." Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, naliona hilo sasa. Akakirudisha kipande juu ya sahani kwa uangalifu, kama mtu aliyegusa kitu dukani asichotaka kununua, wakateremka ngazi wakaenda. Nikawauliza kama watarudi. Mwenye shuka alinipungia mkono.

Walikuja wengine wawili wadogo, wakatazama ndani, wakakimbia. Nilipasha chai tena. Utando ulikuwa umeshika juu yake, nikautoa kwa kijiko.

Walipobisha tena alikuwa msichana wa darasani mwangu, amevaa mabawa, na mama yake amesimama nyuma kwenye geti. Nilifurahi mno. Huyu ananijua, huyu ataingia.

"Mama yako yupo?" yule mama akaniuliza.

"Yuko kazini."

"Nani anakuangalia?"

Nikamnyooshea sahani. Akapanda ngazi, akachungulia ukumbini hadi jikoni, akaona vikombe vimepangwa na hakuna mtu. "Mpenzi wangu, uko peke yako humo ndani?" Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole wenyewe ndio ulionitisha. Nikaona mkono wake ukiingia mkobani kutafuta simu. Nikakumbuka watu wa serikali. Nikarudi nyuma hatua moja, na vipande vya boga vikateleza hadi ukingoni mwa sahani.

Mlango wa nyumba ya kushoto ukafunguliwa. Alitoka bibi mmoja mzungu, mwembamba, amevaa ndala za manyoya na sweta la kiume, mkononi ana fimbo. Nilikuwa nikimwona akitoa takataka, basi. Hatukuwahi kusemezana.

"Yuko nami," akasema. "Nilikwenda kuzima jiko langu. Nekesa, mbona umefungua mlango kabla sijarudi?"

Jina langu alilijua kupitia ukutani. Mama aliliita kila asubuhi kuniamsha, na kuta zile zilikuwa nyembamba. Alilitamka vibaya, lakini alilitamka.

Yule mama alimtazama, akanitazama, akarudisha simu. Akatutakia jioni njema. Bibi akapanda ngazi zetu polepole, hatua moja moja, akafunga mlango nyuma yake na kushusha pumzi. Akaangalia meza.

"Ulikuwa unamngoja nani?"

"Wageni."

"Wamekuja wangapi?"

"Hawakukaa."

Akavuta kiti. "Mimi nina nafasi," akasema.

Aliitwa Nora. Alikuwa Mwairishi, mjane, na mtaa ule ulipokuwa na Wairishi wengi yeye alikuwa bibi harusi ndani yake. Sasa alibaki yeye. Watoto wake walikuwa Australia. Aliomba siagi, akapaka kwenye boga, akala vipande viwili. Chai yangu alisema imepikwa kama supu, lakini alimaliza kikombe. Nilimweleza, kwa maneno niliyokuwa nayo, kwamba ile ilikuwa siku ya kutembeleana na kwamba sijui nimekosea wapi. Hakucheka.

"Kwetu hatukuwa na maboga," akasema. "Hatukuyajua kabisa. Tulichonga tanipu." Akanionyesha kwa ngumi ukubwa wake, akanieleza ni mzizi mgumu kama jiwe, kiasi kwamba kuukomba ndani kunakuvunja mkono. Watu wa kwao walipohamia Marekani kwa sababu ya njaa na taabu, wakakuta boga, kubwa, laini, lenye nafasi ndani, wakaiacha tanipu. Baadaye desturi ikarudi huku kupitia televisheni na maduka, imenona na kubadilika, hata wenyewe wakashindwa kuitambua.

"Taa yenyewe ni ya nini?"

Akanisimulia habari za mtu mmoja, mlevi na mjanja, aliyemlaghai shetani akamfanya aape kwamba hatamchukua. Alipokufa, mbinguni wakamkataa kwa maovu yake. Akaenda kuzimu, shetani naye akasema nimeapa, siwezi kukupokea. Akamrushia kaa la moto amulikie njia. Yule mtu akaliweka ndani ya tanipu aliyokuwa akiila, na tangu siku hiyo anatembea.

Nikamuuliza: "Kwa hiyo alinyimwa viza kote kuwili?"

Nora alicheka hadi akakohoa. "Ndiyo," akasema akijifuta macho. "Hivyo hasa."

Akaniambia kuhusu kubisha milango. Zamani sana maskini walizunguka siku za kuwakumbuka wafu, wakapewa mikate midogo, na kwa kila mkate wakawaombea marehemu wa nyumba ile. Wakati wake yeye, watoto walijipaka masizi usoni, wakaimba mlangoni, wakapewa matofaa na karanga. Walijipaka ili wasitambulike, kwa sababu jioni hiyo waliokufa walirudi nyumbani, na si wote waliokuja kwa wema. Mama yake hakushusha komeo. Aliacha kiti karibu na moto na chakula kidogo mezani.

"Basi ni siku ya kutembelewa," nikasema.

"Ni siku ya kutembelewa. Hukukosea siku, binti. Umekosea wageni tu."

Mama alifika tukiwa bado mezani. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba alipoona taa ya mbele inawaka akiwa kwenye kona, alijua wameshanichukua, akakimbia na begi likimpiga mgongoni. Aliingia akihema. Akamwona mzungu mzee ameketi jikoni kwake, na kabla hajavua koti akaanza kujieleza kwa Kiingereza cha haraka kilichogongana chenyewe. Ilikuwa mara hii moja tu. Hana ndugu hapa. Mtoto anakula vizuri, anaweza kuangalia kwenye friji. Yeye si mama mbaya.

"Mimi ni wa nyumba ya pili," Nora akasema. "Nimekuja kunywa chai."

Mama akakaa chini pale pale ukumbini, sakafuni, na koti lake. Sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akikaa hivyo. Nora alimngoja. Kisha akasema, "Mlete kwangu akitoka shule. Mimi siendi popote."

"Hatutaki kukusumbua."

"Nisumbueni."

Hivyo ndivyo nilivyopata mlango wa kubisha. Mwaka ule mzima nilikwenda kwa Anti Nora, kama mama alivyonifunza kumwita. Nyumba yake ilinukia kabichi na mafuta ya kuchua magoti. Tulitazama mashindano ya maswali kwenye televisheni. Sitadai kwamba upweke uliisha. Wake na wangu vilikaa kwenye kochi moja, basi, na redio ya jikoni ikisema peke yake. Lakini Kiingereza kilinijia kwa kasi, hadi nikaanza kumjibu mama kwa Kiingereza, yeye akisema kwa Kiswahili. Alinyamaza zaidi.

Wakati wa kiangazi simu ikaja siku isiyo ya Jumapili. Nyanya alianguka akitoka shambani, na hakufika hospitali.

Hatukwenda. Karatasi za mama zilikuwa zimerudishwa kwa watu wa uhamiaji ili ziongezwe muda, na akitoka nchini asingeweza kuingia tena. Siku ya mazishi binamu yake aliinua simu juu ili asikie nyimbo. Mama alisimama jikoni kifaa kimemganda sikioni, uso ameuelekeza ukutani. Mimi nilisimama mlangoni na sikusikia chochote. Ilipokwisha akaosha vyombo. Kesho yake akaenda kazini. Hakulia mbele yangu na hakulitaja jina la nyanya tena, nami nikamhukumu kwa hilo. Yeye alimwacha nyanya miaka mingi, nikawaza, amemsahau. Mimi ndiye niliyelala naye kitanda kimoja. Nikaamua moyoni kwamba nyanya ni wangu peke yangu, na nikambeba hivyo, kimya, shuleni na nyumbani, kama mtu anayebeba maji asitake kuyamwaga.

Oktoba ilipokaribia nilimuuliza Nora kama mtu aliyefia mbali anaweza kuijua njia. Nyanya hakuwahi kufika Uingereza. Hakujua basi wala namba ya nyumba.

"Wangu wote wamezikwa ng'ambo ya maji," Nora akasema. "Kila mwaka naacha kiti."

"Wanakuja?"

"Mimi huacha kiti."

Sikuona kwamba hajanijibu. Nilinunua tanipu mbili kwa ajili yetu, nikazikomba kwa kijiko cha chuma kwa kuwa vidole vya Nora vilikuwa vimepinda, na mkono wangu ukatoka malengelenge. Zilipowashwa zilitoa harufu mbaya ya kabichi iliyoungua na sura ya vizee vilivyokasirika. Tukaziweka dirishani kwa Nora. Mimi nikavuta kiti chenye mto karibu na moto wa gesi, nikaweka kipande cha boga kwenye sahani, na kikombe cha chai. Nora akavuta cha kwake upande wa pili. Tukakaa, tukatazama viti viwili vitupu. Watoto waliobisha tuliwapa peremende mlangoni, nikarudi mbio kuona kama kuna aliyeingia nyuma yangu.

Mama alikuja kunichukua akitoka kazini. Aliingia, akasalimu, na kwa kuwa miguu ilikuwa imemwishia nguvu, akakaa kwenye kiti cha karibu.

"Usikae hapo!" nikamwambia, kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo sikuwahi kumtolea.

Akashtuka. "Kwani hapa pana nini?"

"Ni pa Nyanya. Anakuja leo."

Akaangalia sahani. Akaangalia kikombe, na zile taa mbaya dirishani. Nilingoja aseme kwamba sisi ni watu wa kanisa. Nilikuwa nimeshaandaa jibu.

"Nani anakuja?" akauliza polepole.

"Nyanya."

"Umemwekea kiti."

"Ndiyo."

Mdomo wake ukaanza kutetemeka, akauzuia kwa kiganja, lakini haukuzuilika. "Yule ni mama yangu, Nekesa," akasema. "Alikuwa mama yangu kabla hajawa nyanya yako. Mbona hukuniita?"

Naapa kwamba hadi dakika ile, jambo hilo halikuwa limewahi kupita kichwani mwangu. Nilijua kwa maneno kwamba mama ni mtoto wa nyanya, kama ninavyojua majina ya mito. Sikuwa nimeona kwamba mwanamke aliye mbele yangu, mwenye sare ya bluu na soksi za kubana miguu, amefiwa na mama yake, na kwamba siku ya mazishi alikuwa akisikiliza simu akiwa peke yake kwa kuwa hakujua jinsi ya kumwita mtoto anayemjibu kwa lugha nyingine.

Nora hakuelewa maneno, lakini alizima televisheni.

Mama akainuka kwenye kile kiti. Akachukua kikombe, akakionja kwa ncha ya ulimi, akakunja uso huku machozi yakishuka. "Hii chai haina tangawizi," akasema. "Mama yangu hanywi chai isiyo na tangawizi." Akatoka na koti lake wazi, akaenda nyumbani, akarudi na kipande cha tangawizi. Tulimsikia akikiponda jikoni kwa Nora kwa kitako cha glasi. Alileta chai mpya, akaiweka pale, akageuza mkono wa kikombe upande wa kulia. Kisha akaketi sakafuni kando ya kiti, mgongo ukiegemea ukuta, nami nikaenda nikaketi karibu yake. Hakunivuta. Alisogea tu, nafasi ikapatikana.

Tulingoja. Nje watoto walipita wakicheka, wakapungua, wakaisha. Tanipu moja ilizimika. Hakuja mtu.

Mwishowe mama alichukua kikombe. "Imepoa," akasema. Akanywa nusu, akanipa nusu. Nora alituaga kwa kichwa bila kuinuka, macho yake kwenye kile kiti chake kitupu.

Nje baridi ilikuwa kali. Kutoka mlango wake hadi wetu ni hatua chache tu, na katika hatua hizo nikamuuliza mama, kwa Kiswahili kilichokuwa kimeanza kushika kutu, nyanya alikuwa mama wa namna gani.

"Mkali," akasema mara moja. "Mkali sana."

Nikamwambia haiwezekani. Mimi hakuwahi kunipigia kelele hata siku moja.

"Wewe? Wewe ulimpata ameshachoka." Akacheka kidogo, cheko lililokuwa na maji ndani. "Mimi nilipigwa kwa kuchelewa mtoni. Nilipigwa kwa kumwaga maziwa. Halafu siku nilipofaulu mtihani alitembea hadi mjini kuninunulia viatu, akarudi navyo kichwani, na hakusema neno. Aliviweka tu kitandani."

Tulikuwa tumeshafika mlangoni. Alikuwa ametoa ufunguo, ameushika mbele ya kitasa. Lakini alikuwa hajamaliza habari za vile viatu, rangi yake, jinsi vilivyombana, jinsi alivyovivaa hivyo hivyo mwaka mzima asimwambie mama yake. Hakufungua. Tukasimama nje kwenye baridi, yeye akisema na mimi nikimsikiliza, mpaka amalize.